Namna ya Kushuka Ghorofa Tano kwa Klarineti

Saa kumi na moja jioni Dobi alizima pasi, akakunja shuka la mwisho pembe kwa pembe, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko ili wanga usibaki vidoleni, kisha akapanda ngazi kwenda kwa Mwalimu, klarineti ikiwa kwapani ndani ya foronya. Alifanya hivyo kila Jumanne na kila Alhamisi. Kidole chenye wanga hunata, na jambo alilokuwa akijifunza lilitaka kidole kisichonata popote.

Jengo lao lina ghorofa tano. Kati ya ghorofa moja na nyingine kuna ngazi mbili zenye vidato tisa kila moja, kwa hiyo kutoka mlangoni hadi kwa Mwalimu, ghorofa ya tano, ni vidato tisini. Lifti ipo pia. Iliharibika miaka tisa iliyopita ikiwa katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na fundi aliyekuja kuitazama aliondoka na kifaa kimoja mkononi ili akatafute cha kufanana nacho. Bado anatafuta. Msimamizi wa jengo, ambaye wapangaji wote humwita Kesho kwa sababu ndilo jibu lake, hubandika mlangoni karatasi mpya ya kuomba radhi kila ile ya zamani inapopauka.

Dobi alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mchana alipiga pasi katika duka la dobi lililo chini ya jengo, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepiga klarineti ya pili katika bendi ya mtaa. Mwaka huo mpiga klarineti ya kwanza alihama, na kiongozi wa bendi akampa Dobi nafasi yake pamoja na wimbo ambao ulianza na klarineti peke yake, ikipanda kutoka chini hadi juu kwa mvuto mmoja. Alimwambia hataki kusikia sauti ikipanda ngazi. Alitaka ipande kama moshi, ambao haukanyagi mahali. Dobi alijaribu wiki nzima, na kila alipojaribu alisikika kama mtu mwenye haraka aliyevaa viatu vya mbao.

Ndipo akaenda kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa na miaka sabini na mitatu na alikuwa amepiga klarineti ya kwanza kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote mjini. Jina hilo la Mwalimu lilikuwa limemganda. Hata marehemu mkewe, aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minane, alimwita hivyo. Mke huyo alikuwa shangazi yake Dobi. Miaka sita iliyopita ugonjwa wa sukari ulimnyang'anya Mwalimu nguvu za miguu, akakaa kwenye kiti cha magurudumu, na tangu siku ile hakuwahi kushuka. Miaka minne iliyopita shangazi alifariki. Wanaume wenye mabega walikuwa wanne tu, na wote wanne walilibeba jeneza, ambalo lilikataa kupinda kona ya ghorofa ya tatu mpaka likasimamishwa wima. Dobi alikuwa nyuma yao na mkoba wa marehemu. Kabla ya kutoka aliinama kwenye kiti cha Mwalimu akamwambia, "Tutakurudia." Walipofika chini gari lilikuwa limeshawashwa. Wale wanne walikuwa wanatweta. Hakuna aliyerudi. Mwalimu aliwatazama dirishani mpaka gari lilipokata kona, kisha akabaki akiitazama kona.

Jambo hilo halikuwahi kusemwa kati yao. Dobi alipopanda siku ya kwanza na klarineti, Mwalimu alimuuliza tu kama amekula, kisha akamwambia apige.

Alipomaliza kupiga, Mwalimu alivitazama vidole vya Dobi. Akamwambia kwamba kosa lake ni kuinua vidole.

"Ukiinua kidole, umepanda kidato," alisema. "Usikiinue. Kivute pembeni, polepole, kama unavyomfunua shuka mtoto aliyelala na hutaki aamke."

Akamwonyesha juu ya mkono wa kiti. Tundu lifunguke ukingo kwanza, unywele kwa unywele. Kianze kidole cha chini kabisa cha mkono wa kulia, na cha pili kiondoke kabla cha kwanza hakijamaliza, ili pasiwe na wakati ambapo vidole vyote vimetulia. Lakini vidole, alisema, ni nusu ya kazi, tena ile nusu ya waongo. Kinachoteleza hasa ni koo. Ulimi urudi nyuma na kushuka, kama mtu aliyeweka mdomoni kiazi cha moto ambacho hawezi kukitema mbele ya wageni. Sauti italegea yenyewe. Kisha ulimi upande taratibu, kutoka mahali pa kusema "oo" hadi mahali pa kusema "ii", na sauti itaufuata. Vidole vifunguke nyuma yake tu, vikificha siri.

Alimbadilishia pia mwanzi, kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni, akampa mlaini zaidi. Na kwa wiki tatu za mwanzo alimnyang'anya klarineti yenyewe. Alimwachia kidomo, kile kipande cha juu cha kupulizia, akamwambia ajifunze kuishusha na kuipandisha sauti ya kidomo kwa koo peke yake. Dobi alifanya hivyo nyumbani kwake, ghorofa ya nne, kila alfajiri kabla ya kazi. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuja kuulizia kama bata anauzwa.

Wiki ya sita, siku ya Alhamisi, mtelezo ulikuja. Dobi aliuanzia chini, akalegeza koo, akavuta vidole, na sauti ikapanda sekunde saba bila kukanyaga popote. Katika sekunde hizo saba vidato vyote tisini vya jengo vililala. Ngazi zikawa mteremko laini kuanzia mlango wa chini hadi juu, na vitu vilivyokuwa juu yake viliteleza kwenda kule sauti ilikokuwa inakwenda. Mfuko wa viazi wa kilo thelathini, uliokuwa umepumzishwa ghorofa ya tatu wakati mwenyewe akitafuta ufunguo, ulipanda, ukapinda kona zote kama mwenye nyumba, ukasimama mbele ya mlango wa Mwalimu. Ufagio wa Kesho uliufuata nyuma. Sauti ilipokwisha, vidato vilirudi mahali pake.

Baada ya muda alifika Mama Viazi, mjane mfupi mwenye mikono minene, ambaye huuza viazi sokoni na kuvihifadhi nyumbani kwa sababu ghala la soko lina panya. Aliwasalimu, akamwuliza Mwalimu hali yake, akauchukua mfuko.

"Siku nyingine uusimamishe ghorofa ya tatu," alimwambia Dobi. "Hapa umenipitiliza."

Dobi alisema atajitahidi. Mwalimu alieleza kwamba hilo hutokea mtu anapoteleza sawasawa, ila yeye maisha yake yote alikuwa amepiga katika kumbi za chini, kwa hiyo hakuwahi kupata faida yake. Dobi alikuwa akiyatazama magurudumu ya kiti.

"Na sauti ikishuka?" aliuliza.

"Kushuka ni kazi nyingine," Mwalimu alisema. "Wakati wa kupanda unafungua njia, na hewa yenyewe inataka kutoka. Kushuka, unaifunga njia huku ukiibembeleza isikimbie. Mimi sikuwahi kuiweza bila kujikwaa."

"Nikijikwaa vidato vinarudi."

"Vinarudi palepale. Na mimi nitakuwa juu yake."

Dobi aliifuta klarineti, akaitia ndani ya foronya, akasema atakuja kesho yake pia, na siku zote, si Jumanne na Alhamisi tu.

Ilimchukua miezi minne. Katikati yake bendi ilifanya onyesho lake, na Dobi aliupanda ule mwanzo kama moshi. Ukumbi haukuwa na ngazi, kwa hiyo hakikutokea chochote ila makofi. Kiongozi wa bendi alimshika mkono na kumwambia sasa ni wa kwanza kweli. Dobi alishukuru, akauliza kama anaweza kuondoka mapema.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini wahenga hawakupiga klarineti. Katika mtelezo wa kushuka anayekwenda pole ndiye anayejikwaa zaidi, maana kila unywele wa tundu unasikika. Kidole kinaingia kutoka pembeni, kinaugusa ukingo, na sauti hapo hutaka kuanguka yote kwa mpigo, kama mzee anayekaa kwenye kiti. Dobi alijifunza kulitanguliza koo: alilegeza ulimi mpaka sauti imeshashuka nusu ya safari kabla kidole hakijaamua lolote. Mdomo wa chini aliulegeza, kidevu akakikaza. Alijifunza kujaza mashavu hewa na kuvuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kupuliza, jambo ambalo Mwalimu alimfundisha kwa bilauri ya maji na mrija, na ambalo lilimwagia maji sketi tatu. Kazini alikuwa akipiga pasi na shavu limevimba. Wateja walimpa pole ya jino.

Mama Viazi alitoa viazi vya majaribio. Walianza na mfuko wa kilo thelathini kwenye ngazi moja, kutoka ghorofa ya tano hadi ile sakafu ndogo ya kupumzikia katikati. Mara ya kwanza ulishuka vidato viwili, sauti ikakwama, kidato cha tatu kikarudi na kuupasua. Waliokota viazi mpaka chini. Vilivyopasuka vilipikwa, na wote watatu walivila kwa Mwalimu, naye akaeleza kati ya tonge na tonge kwamba kidole cha pete ndicho kilichokuwa na haraka. Mara ya pili vidato vinne. Wiki ya saba mfuko ulifika mzima. Wakaongeza, kilo sitini. Mama Viazi akaleta mizani ya kupimia magunia, Dobi akaipandisha kwa mtelezo wa kupanda, na wakampima Mwalimu pamoja na kiti chake: kilo tisini na sita. Basi gunia la mwisho lilijazwa kwa kipimo hichohicho, na Dobi akalishusha ngazi zote kumi, moja baada ya nyingine, akipumzika kila sakafu. Kila ngazi ilitaka sekunde kumi na moja. Alilishusha mara tatu siku tatu mfululizo, na siku ya nne alimwambia Mwalimu avae viatu.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mwalimu alikuwa amevaa suti ya bendi, ambayo ilikuwa imemzidi mabegani. Dobi aliipiga pasi mwenyewe. Mama Viazi alisimama mbele ya kiti, pekupeku, mikono kwenye vishikio. Kesho alipanda na kitabu cha kanuni za wapangaji akasema, kwa upole, kwamba vyombo vyenye magurudumu haviruhusiwi kwenye ngazi. Dobi alimwomba asome tena. Akasoma. Dobi akamuuliza kama kanuni inasema lolote kuhusu wakati ambapo ngazi hazipo. Kesho alifikiri, akafunua ukurasa wa pili na wa tatu, akakubali kwamba haisemi. Kisha akakiweka kitabu dirishani, akavua viatu, akashika kiti kwa nyuma.

Ngazi ya kwanza ililala. Kiti kikashuka bila mlio. Sakafuni walisimama, vidato vikarudi, Dobi akavishuka kwa miguu hadi walipo, akapumua mara nne, akaanza ya pili. Milango ilifunguliwa kila ghorofa na watu wakasimama kimya, wengine na miswaki mdomoni, kwa sababu walikuwa wameambiwa kelele zinaweza kumtia Dobi haraka.

Kwenye ngazi ya saba jasho liliteleza hadi kidole cha pete. Kidole kilinata. Sauti ikataka kuanguka, na kidato cha nne, kilichokuwa chini kabisa ya gurudumu la mbele, kikaanza kuinua ukingo wake. Mama Viazi alikiona, akakaza miguu. Kesho alifumba macho. Dobi hakukiangalia kidole. Alilishusha koo, chini kuliko alivyowahi kulishusha, hadi mahali ambapo mtu anaanzia kulia, na sauti ikapita juu ya kile kidole kama maji yanavyopita juu ya jiwe. Kidato kikalala tena. Kiti kikapita.

Mlangoni Mwalimu aliomba wasimame. Hakusema kwa nini. Upepo ulikuwa unamgusa pande zote mbili za uso kwa wakati mmoja, jambo ambalo dirisha haliwezi. Baadaye aliuliza lile duka la viatu limekwenda wapi, akaambiwa limekuwa duka la simu, akasema haya.

Dobi alimsukuma hadi makaburini, mwendo wa nusu saa. Kaburi la shangazi lilikuwa mstari wa kumi na mbili, karibu na bomba la maji. Dobi alikiweka kiti sambamba nalo, akafunga breki, akaenda kusimama bombani ili asisikie. Hata hivyo mwanzo aliusikia.

"Bibi, nimechelewa," Mwalimu alisema. "Ni lifti."

Mengine aliyasema kwa sauti ya chini na yalichukua muda mrefu. Dobi alikunywa maji, akanawa uso, akalisubiri koo lake lipande kutoka pale lilipokuwa limebaki. Aliporudi alisimama nyuma ya kiti ili asitazamwe.

"Nilisema tutakurudia," alisema.

"Umerudi," Mwalimu alimjibu. "Sasa nisukume, jua limekuwa kali."

Kurudi juu kulikuwa rahisi, maana ni kupanda. Mwalimu alizipanda ghorofa zote tano kwa mitelezo kumi, mikono mapajani, akisahihisha mitatu.

Tangu siku hiyo alishuka kila asubuhi saa tatu na kupanda kila jioni saa kumi na moja na nusu. Mwenye duka la dobi alimruhusu Dobi dakika kumi na tano. Wengine walizizoea saa hizo. Mjamzito wa ghorofa ya nne alisubiri saa tatu ndipo akaenda kliniki. Fundi makochi alipandisha kochi la watu watatu akiwa amelikalia. Mzee mmoja ambaye wengi walidhani alishakufa alitokea ghorofa ya pili, akashuka, akakaa juani na Mwalimu, na ikabainika kwamba alikuwa hajatoka kwa miaka minane. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaogopa kushuka halafu ashindwe kupanda.

Habari zilifika ofisi ya nyumba, na Afisa wa Majengo akaja mwenyewe. Alikuwa mama nadhifu mwenye utepe wa kupimia na saa ya kuhesabia sekunde. Dobi aliongozana naye kwanza hadi kwenye mlango wa lifti, akamwonyesha. Afisa alisema lifti anaifahamu, imo kwenye faili lake. Akaomba aonyeshwe mteremko. Dobi akapiga. Afisa akapima pembe ya mteremko kwa chombo kidogo chenye povu la maji, akaandika, akauliza kama mteremko huteleza zaidi wakati wa mvua, akaandika, akauliza klarineti imetengenezwa kwa mti gani, akaandika hilo pia. Aliwashukuru wapangaji kwa ushirikiano wao akaenda zake kwa miguu, akishika ukuta.

Baada ya wiki mbili barua ilikuja. Ilisema kwamba kwa kuwa jengo limethibitishwa kuwa na njia mbadala inayofanya kazi ya kupandia na kushukia, ombi la kutengeneza lifti, lililowasilishwa miaka tisa iliyopita, limefungwa.

Dobi aliisoma mara mbili, akamsomea Mwalimu mara moja, akaenda ofisini siku hiyohiyo na aproni yake ya kazi. Alikaa kwenye benchi mpaka akaitwa. Alimweleza Afisa kwamba yeye ni mtu mmoja, kwamba klarineti si mashine, na kwamba barua hiyo ingefaa ifutwe.

Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Lifti inahitaji vipuri," alisema. "Vipuri havipo. Wewe upo."

"Lifti haihitaji pumzi," Dobi alisema. "Mimi nikiugua?"

"Weka taarifa mlangoni."

Kisha Afisa alifungua faili jingine, akauliza kama Dobi angeweza kusaidia pia jengo la mkabala, siku za Jumatano, kwani nalo lifti yake ilikuwa na tatizo kama hilo, na majengo mengine ishirini vilevile. Dobi alisimama, akasema Jumatano ana kazi, akatoka.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita sokoni kwa Mama Viazi, akakaa juu ya gunia, akamtazama mikono. Vidole vilikuwa vinene, na kidole kinene hufunika tundu vizuri. Akamuuliza kama ana pumzi. Mama Viazi alijibu kwamba amebeba viazi miaka ishirini na mitano, kama pumzi ingekuwa haipo angekuwa amegundua.

Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza. Wanafunzi walikuwa wanane: Mama Viazi, fundi makochi, yule mjamzito ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni, mzee wa ghorofa ya pili, Kesho mwenyewe, na wengine watatu. Bendi iliwaazima klarineti nne za zamani zilizokuwa zinavuja, Mwalimu akaziziba kwa nta. Kila asubuhi alikaa uani kwenye kiti chake, na kila mmoja akapewa kidomo. Majirani wa mtaa walijua kwamba sasa kuna bata wengi.

Kesho ndiye aliyekuwa wa kwanza kulaza kidato. Kilikuwa kimoja, cha chini kabisa, na kililala kwa muda wa kupiga chafya, lakini alikirudia siku iliyofuata bila kuombwa.

Mwezi wa tano wa darasa hilo, ofisi ya nyumba ilileta waashi wanne, matofali mia sita na mifuko ya saruji. Barua waliyokuja nayo ilisema kwamba shimo la lifti isiyotumika ni hatari, na mlango wake uzibwe kwa ukuta kwenye kila ghorofa. Waashi walikuwa watu wa kawaida, wenye adabu. Msimamizi wao, jamaa mrefu mwenye penseli sikioni, alimfuata Dobi dukani, akavua kofia, akamuuliza kama angewapandishia matofali kwa klarineti. Alisema wamesikia anaweza, nao vidato tisini ni vingi.

Dobi aliendelea na kola aliyokuwa anaipiga pasi mpaka ikaisha.

"Hapana," alisema.

Mwashi alisema ameelewa, akavaa kofia yake.

Walibeba kwa mabega. Siku ya kwanza walianza alfajiri, na kufikia saa tatu kasoro walikuwa wamepanga matofali mia na arobaini juu ya ngazi, mawilimawili kwa kila kidato, kuanzia chini hadi karibu na ghorofa ya nne. Saa tatu kamili Dobi alitoka kwa Mwalimu akisukuma kiti. Msimamizi wa waashi alimuuliza kama Mwalimu hawezi kungoja hadi jioni.

"Mwalimu anashuka saa tatu," Dobi alisema, akaweka kidomo mdomoni.

Matofali yalishuka pamoja naye, kwa utaratibu, yakapinda kona, yakajipanga uani. Waashi waliyatazama. Mmoja alikaa chini. Msimamizi alichukua penseli, akahesabu, akasema hakuna lililovunjika, wakaanza upya. Siku ya pili walijifunza kuzikwepa saa za Mwalimu. Lakini hapo walikuwepo wanafunzi wanane ambao hawakuwa na saa maalumu, na fundi makochi alikuwa amefikia kulaza ngazi tatu nzima bila kutoa taarifa. Siku ya sita waashi waligundua kwamba zile sakafu ndogo za kupumzikia hazilali kamwe, kwa sababu zimeshalala, wakaanza kupanga matofali huko. Baada ya hapo kazi ilikwenda.

Ukuta wa ghorofa ya tano ulikamilika siku ya kumi na nne. Uliwekwa lipu, ukapigwa rangi ileile ya kuta nyingine, na Kesho, kwa mujibu wa kazi yake, akatia sahihi kwamba ameupokea. Sahihi ilikwenda kombo kidogo, akasema ni kwa sababu ya mazoezi ya kidole cha pete.

Siku ya kumi na tano, saa tatu asubuhi, Dobi alikuwa na mafua. Alikuwa amekaa kwenye kidato cha juu kabisa, leso puani, klarineti mapajani. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, tayari, breki zimefungwa. Rangi ya ukuta mpya ilikuwa bado haijakauka vizuri, na harufu yake ilijaa ghorofa nzima. Mama Viazi alifungua vishikizo vya juu vya gauni lake ili apumue, akasimama pale Dobi alipokuwa akisimama siku zote, akaweka vidole kwenye matundu.

Alianza. Vidato vitano vya juu vililala, vinne vya chini vikabaki wima, sauti ikakatika, na vitano vikarudi. Mwalimu alisema koo limechelewa, vidole vimetangulia. Mama Viazi akajaribu tena, vikalala saba. Dobi alikohoa, akamwambia akumbuke kiazi cha moto. Mama Viazi akamkumbusha kwamba yeye na viazi hawahitaji kutambulishwa, akafuta jasho la vidole kwenye kanga, akavuta pumzi.

Vililala vyote tisa, kwa sekunde kumi na moja, na Mwalimu hakusahihisha kitu. Wala hakufungua breki.

"Rudia," alisema. "Mara tatu, kama gunia. Halafu nitashuka."